Kuwafunza vijana kuzuru mbwa wa kituoni: nianzie wapi?

mlezi_wa_klabu (Kisauni, Mombasa)

Hamjambo wote. Ninalea klabu ya wanyama ya shule moja hapa Kisauni. Kituo cha kuhifadhi mbwa kilicho karibu nasi kimekubali vijana wetu waende Jumamosi asubuhi, wawazoeshe mbwa kukaa na watu ili wachukuliwe na familia upesi. Vijana ni 16, wa miaka 10 hadi 17. Wengi hawajawahi kumgusa mbwa. Walichozoea ni kumkimbia au kumtupia jiwe. Zaidi ya nusu ni Waislamu, na wazazi wameshaanza kuuliza habari ya najisi. Jumamosi kituo huwa na wafanyakazi wawili tu kwa mbwa wapatao 40, baadhi yao wameokotwa mitaani majuzi.

Nataka kujua: wafunzwe nini kabla ya kumkaribia mbwa? Nani aingie kizimbani na nani abaki nje? Chanjo je? Na mtoto akiumwa, hatua ya kwanza ni ipi?

vizimba_na_kamba

Mwalimu, kazi ya kwanza si ya vijana, ni ya kituo. Kaa na wale wafanyakazi mpitie mbwa mmoja mmoja muwachague wanaofaa kwa mgeni asiyejua kitu. Wakipatikana wanane, wanatosha kabisa kwa vijana 16. Mbwa anayefaa ni yule ambaye muda wake wa kutengwa umekwisha, amechanjwa kichaa cha mbwa na umepita mwezi mmoja tangu achanjwe, anakuja mlangoni mwili ukiwa umelegea, anakubali kushikwa kola bila kukakamaa, na ukipita karibu akiwa anakula haongezi kasi ya kumeza wala hagandi juu ya bakuli. Akikosa hata moja tu kati ya hayo, vijana wasimguse.

Wekeni alama kwenye milango. Kijani, vijana wote wakiwa na msimamizi. Njano, watu wazima na vijana wakubwa waliokwisha kufuzu. Nyekundu, wafanyakazi peke yao. Juu ya rangi chora na umbo, duara, pembetatu na msalaba, kwa sababu rangi hupauka na jua la Pwani, na wako wasioweza kutenganisha nyekundu na kijani.

Kikao cha kwanza kifanyike shuleni, bila mbwa. Hapo wafunze kusoma mwili wa mbwa. Wengi wanajua kubweka na kuonyesha meno, lakini hizo ni dalili za mwisho. Za mwanzo ni ndogo: kulamba pua ilhali hakuna chakula, kupiga miayo ilhali hana usingizi, kugeuza uso pembeni, weupe wa jicho kuonekana kama mwezi mwandamo, masikio kulala nyuma, mkia kuingia tumboni. Kisha mwili unaganda. Kuganda huko huwa kwa sekunde moja au mbili, na ndiyo nafasi ya mwisho ya kuondoka kwa amani. Waeleze pia kwamba mkia unaotikiswa si lazima uwe wa furaha. Mkia uliosimama juu, mgumu, unaotikisika kwa ncha, ni wa mbwa aliyepandwa na moto. Wa furaha huzungusha kiuno kizima.

Mbwa akinguruma asikemewe. Ameonya, ashukuriwe, mtu aondoke. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma bila onyo.

Jambo la pili ni la mbwa wa huku hasa, na miongozo mingi ya Ulaya hailigusi. Mbwa wa mtaani anajua kwamba mtu akiinama ghafla, kinachofuata ni jiwe. Akiinua mkono, ni fimbo. Sasa miongozo hiyo inamwambia mtoto achuchumae ili aonekane mdogo, asiyetisha. Akichuchumaa mbele ya mbwa wetu akiwa hatua mbili tu kutoka kwake, mbwa atakimbilia pembe ya kizimba au atarukia. Kuchuchumaa kufanyike mapema, mbwa akiwa mbali au mlango ukiwa umefungwa, polepole, ubavu ukiwa ndio unaomwelekea, mikono ikiwa mapajani na vidole wazi aone hakuna kitu. Bora zaidi ni kigoda: kijana aketi kabla mbwa hajaletwa. Na fagio lisiingie kizimbani pamoja na mbwa mwoga. Kwake fagio na rungu ni kitu kimoja.

Tatu, zoezi la mti. Mbwa akimjia kijana kwa kasi: simama, kunja mikono kifuani viganja vikiwa kwapani, tazama vidole vya miguu yako, funga mdomo, hesabu kimoyomoyo hadi mbwa achoke. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, uso chini, vidole vimefumbatana nyuma ya shingo. Kusema peke yake hakusaidii, maana mwili wa mtoto aliyeshtuka hukimbia kabla akili haijafika. Wafanye mara nyingi, mtu mzima akiwajia mbio na koti mkononi, wakati wasiotarajia. Asiyeweza kusimama mbele ya koti hatasimama mbele ya mbwa.

Kikao cha pili ni kituoni, nje ya vizimba tu. Kila kijana akae na karatasi mbele ya mbwa mmoja kwa dakika 10, aandike anachokiona mwilini, si anachodhani mbwa anawaza. "Ameinua mguu wa mbele, amelamba pua mara tatu," ni sawa. "Ana huzuni," hapana.

Cha tatu ni milango na kamba, bado bila mbwa. Cha nne ndipo mkutano wa kwanza, kijana mmoja, msimamizi mmoja, mbwa mmoja wa kijani.

daktari_wa_mifugo

Nimependa hapo kwenye kuinama. Mimi nitajibu ya chanjo na majeraha.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, takriban kila anayekipata hufa. Karibu visa vyote vya binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa hicho ni watoto wa chini ya miaka 15. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo hivi, lakini kwa sasa ugonjwa upo, na mbwa wenu wengine wametoka mtaani bila historia yoyote.

Kumtenga mbwa mpya kwa siku 14 kunasaidia kugundua parvo na distempa, magonjwa ya virusi ya mbwa. Kwa kichaa cha mbwa hakutoshi, kwa kuwa virusi vinaweza kukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, kabla ya dalili. Kwa hiyo "ametengwa, yuko salama" ni sentensi isiyotakiwa kusemwa.

Chanjo ya kinga kwa binadamu kabla ya kuumwa ni dozi mbili, siku ya 0 na siku ya 7. Kila atakayemgusa mbwa aipate, pamoja nawe mwalimu. Haimwondolei mtu haja ya kwenda hospitali akiumwa, ila inapunguza kazi: dozi mbili za nyongeza, siku ya 0 na ya 3, bila ile sindano ya kingamwili inayodungwa kwenye kidonda, ambayo ni ghali na si kila hospitali inayo. Ambaye hakuchanjwa kabla huanza ratiba kamili, ambayo hospitali nyingi huku huifanya siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Bajeti ikikosa kuwatosha wote, usigawe dozi nusu nusu. Wachanjeni wale watakaoingia vizimbani, wengine wapewe kazi za nje.

Akiumwa au kukwaruzwa, hata bila damu, au akilambwa kwenye kidonda, jichoni au mdomoni:

Maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 mkitazama saa, si kwa kukisia. Sabuni ya kawaida ya kipande inatosha, maana huvunja ganda la virusi. Jicho na mdomo vioshwe kwa maji matupu mengi. Baada ya hapo povidoni ayodini kama ipo, kitambaa safi kisichobana, na safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa, majivu, udongo, vyote marufuku. Vinachubua nyama na kuingiza uchafu ndani. Kidonda kisishonwe haraka, daktari ataamua. Muulizeni na kuhusu pepopunda.

Mbwa aliyeuma asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe peke yake, atazamwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa akitoa virusi kwenye mate alipouma. Lakini mtoto hangoji siku 10. Anaanza sindano leo, na daktari ndiye atakayezisimamisha.

Watoto huficha majeraha, kwa kuogopa klabu kufungwa au mbwa kuuawa. Tangaza tangu mwanzo kwamba anayeripoti haadhibiwi wala haondolewi. Kisha mwisho wa kila ziara, kabla ya kupanda gari, kila mmoja aonyeshe mikono yake mbele na nyuma, na miguu chini ya goti. Ni dakika mbili tu.

Magonjwa madogo: mashilingi (choa), upele wa mbwa, viroboto, kupe, minyoo. Viatu viwe vya kufunika, maana mabuu ya safura ya mbwa hupenya ngozi ya mguu peku hasa kwenye mchanga wenye kivuli, na mchanga mnao wa kutosha. Waanze na watoto wa mbwa, kisha wakubwa wazima, wasirudi nyuma. Kinyume chake ni kuwapelekea parvo wenye kinga ndogo kuliko wote.

Kwa wakubwa watakaosafisha: kinyesi kitolewe, sakafu ioshwe kwa sabuni na isuuzwe, ndipo jiki imwagwe. Jiki ya asilimia 3.5, mililita 50 kwa kila lita ya maji, yaani nusu lita kwenye ndoo ya lita 10. Ikae dakika 10 ikiwa mbichi. Ukimwaga jiki juu ya uchafu umemwaga pesa, maana uchafu huila kabla haijafika kwa virusi. Juu ya mkojo ndiyo mbaya zaidi, hutoa mvuke unaochoma kifua. Ichanganywe asubuhi ile ile. Ya jana iliyokaa juani haina nguvu. Na mbwa asirudishwe kabla sakafu haijasuuzwa na kukauka.

binti_likoni

Kuhusu najisi, mwalimu, usiwaambie wazazi "si kitu." Kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi huku Pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa mkavu akigusana na nguo kavu, najisi haihami. Kumhurumia mnyama, kumpa maji na chakula, hakuna mwanachuoni anayekukataza. Ukilisema hivyo mapema utapata wazazi wengi zaidi kuliko ukilikwepa, na ukimwalika imamu wa mtaa kwenye kikao cha kwanza aseme mwenyewe, itakuwa rahisi zaidi.

Kisha panga kazi zisizo na mate. Kumsomea mbwa kutoka nje ya wavu ni kazi kamili, si ya kupoza watoto. Kule St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani, shirika la hifadhi ya wanyama lina mpango wa watoto wa miaka 6 hadi 15 wanaowasomea mbwa vitabu wakiwa wameketi mbele ya vizimba. Mtoto huketi ubavu kwa wavu, hamkodolei mbwa macho, anasoma kwa sauti ya chini. Mbwa mwoga akisogea mbele, mtoto anamtupia kipande cha chakula. Mbwa anajifunza kwamba kuja mbele kunalipa, na mbele ndipo familia zinazotafuta mbwa hutazama.

Chakula kitupwe kwa koleo la jikoni au kipitishwe kwenye bomba la plastiki la PVC lililofungwa kwenye wavu kwa mteremko. Mkono haukaribii mdomo. Hiyo inamfaa Mwislamu, inamfaa na mwoga, na daktari hapo juu naye atalala usingizi. Wengine wajaze maji kwa mpira kutoka nje, waandike rekodi, wapige picha za mbwa za kutangazia. Ziwe za mbwa, si za watoto.

Mitandio iwe mifupi au ichomekwe ndani ya fulana. Kitu chochote kinachoning'inia, iwe kamba ya beji, hereni ndefu au mkia wa rasta, mbwa kijana atakivuta akidhani ni mchezo. Mavazi ya kituo yakae kwenye mfuko wake, yabadilishwe kabla ya kwenda nyumbani kusali.

mlezi_wa_klabu

Ahsanteni sana. Hilo la bomba nalifanya wiki hii. Naomba mnieleze zaidi ya milango na kamba, na chakula gani tutumie, maana biskuti za mbwa za dukani hatuziwezi. Na umri: naweza kuwaingiza wa miaka 12 kizimbani?

vizimba_na_kamba

Umri: 10 na 11 wabaki nje ya wavu. 12 hadi 15 wakutane na mbwa kwenye uwanja ulio na uzio, mbwa akiwa na kamba mbili, moja kwa mtu mzima. 16 na 17 waliofuzu wanaweza kuingia kizimbani na mfanyakazi. Nafasi ile ni ndogo, mbwa anaihesabu yake, ana bakuli na matandiko humo, na mtoto hana pa kurudi nyuma.

Milango: miwili haifunguliwi kwa pamoja. Anayefungua anaita "mlango!", aliye kwenye mlango mwingine anajibu "umefungwa!", na bila jibu hakuna kufungua. Mlango hufunguliwa upana wa goti, goti likiziba pengo. Ukishatoka, vuta komeo kisha usukume mlango kwa mkono uhakikishe. Komeo nyingi za vizimba zimepinda na hukaa kama zimefungwa. Kwenye ujia apite mbwa mmoja tu. Wawili wakikutana uso kwa uso mahali pembamba, hata marafiki hupigana.

Wakipigana, vijana wanarudi nyuma ya mlango ulio karibu na kuufunga. Hawavuti kola, hawapigi kelele. Mfanyakazi ana ndoo ya maji na ubao wa kuwatenganisha. Anayeingiza mikono katikati ya ugomvi hujeruhiwa vibaya kwa urahisi.

Kamba iwe ya kitambaa, mita moja na nusu hadi mbili. Ile inayojikunja ndani ya kishikio siitaki kituoni. Dole gumba lipite kwenye kitanzi, kitanzi kikae kiganjani, ngumi ifungwe; mkono wa pili ushike kamba sentimita 40 hivi mbele. Kamwe isizungushwe kwenye kiganja au kifundo: mbwa wa kilo 25 akiruka, inavunja vidole na mtoto anaburutwa. Wajifunze kwa kijana mwenzao kushika ncha nyingine na kuvuta ghafla. Kola iingie vidole viwili bapa, si zaidi. Mbwa wetu wana shingo nene na kichwa chembamba, kola iliyolegea huvuka masikio akirudi kinyumenyume. Ndiyo sababu ya kamba ya pili, ya kitanzi kinachojikaza, yenye kizuizi kisimkabe.

Kumgusa: mbwa ndiye anayekuja. Kijana ameketi, mkono umelegea pajani, hamnyooshei mbwa ngumi puani. Mbwa akishanusa na kubaki, akunwe kifuani au ubavu wa shingo kwa sekunde tatu, kisha mkono uondolewe. Akisogea au kusukuma mkono kwa pua, endelea sekunde tatu nyingine. Akibaki kimya, akigeuza uso au akijikung'uta, imetosha. Mkono usipite juu ya kichwa. Hakuna kumkumbatia, na hakuna uso karibu na uso; watoto wadogo huumwa usoni kwa sababu hiyo.

Dakika 10 kwa mbwa, apumzike 20, ziara nzima saa moja. Muwe mmemaliza kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Baada ya hapo joto la Mombasa humfanya mbwa kuhema na kukereka, na saruji ya uwanjani huunguza nyayo. Weka kiganja chini sekunde saba. Ukishindwa, mbwa naye asikanyage. Msiende wakati wa kulishwa, wala kabla mbwa hawajala asubuhi.

daktari_wa_mifugo

Chakula: pafu la ng'ombe kutoka buchani. Ni rahisi, harufu yake inavuta, na likichemshwa likakatwa halichafui mkono sana. Lakini lichemke nusu saa tangu maji yaanze kutokota. Pafu na ini bichi vinaweza kuwa na malengelenge ya hidatidi, mbwa akiyala anapata mnyoo mdogo, na mayai yake yanarudi kwa watoto wako kupitia kinyesi na manyoya. Kata vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, 20 kwa kila mbwa kwa ziara moja. Vingi zaidi, tumbo litamwendesha na Jumapili wafanyakazi watakulaani. Usitumie soseji za chumvi nyingi, wala kitu chenye kitunguu, zabibu kavu au chokoleti, wala mifupa ya kuku iliyopikwa.

Vikae kwenye kopo lenye kifuniko mikononi mwa msimamizi. Kijana mwenye nyama mfukoni ataparamiwa, na hapo lawama si ya mbwa.

Kwenye lango la kutokea weka sabuni, jeri la lita 20 lenye bomba, taulo za karatasi, ayodini, saa ya ukutani, na ubao wenye namba ya hospitali ambayo umekwisha kuipigia ukajua wana chanjo wiki hiyo. Ipigie upya kila Ijumaa, chanjo huisha bila tangazo. Fomu za idhini za wazazi, zenye aleji na chanjo za kila mtoto, zikae hapo hapo na si ofisini shuleni, kwa kuwa Jumamosi ofisi imefungwa.